Mkono Juu ya Mikro

Alizaliwa wapi, na ukoo wake ni upi, waulize wengine. Mimi ninamjua kuanzia viatuni kwenda juu. Vilikuwa viatu vyeusi vya mitumba, vyembamba kwa mbele, vidogo kuliko miguu yake tangu siku aliyovileta nyumbani, na katika miaka yote ya kujuana kwetu nimemwona akivivua mbele za watu mara moja tu. Alisema mtu wa kupanga wageni hawezi kuonekana na sandali. Kama ni kuumia, na aumie, lakini aumie akiwa amesimama vizuri.

Tulimwita Papa Protokole, na hata mkewe alimwita hivyo. Kwetu Kalemie hakuna arusi wala matanga yanayokwenda bila protokole, yaani mtu anayesimama mlangoni, anayejua nani akae kiti cha mbele na nani asogezwe kule karibu na masufuria, na ambaye ndiye mwenye kushika mikro, kipaza sauti chenyewe. Kazi hiyo aliwafanyia Waislamu na Wakristo bila kubagua. Kwenye arusi za familia za kando ya ziwa alivaa kofia, kwenye misa akaivua, na kofia yenyewe ilikaa mfuko wa koti ikingoja zamu yake.

Kufupisha hakukujua. Wasemaji wengine husema “protokole yote ikiheshimiwa” ili wasiwasalimu wakubwa mmoja mmoja, chakula kisije kupoa. Yeye aliwasalimu wote kwanza, kuanzia mkubwa wa mtaa mpaka wapishi, kisha ndipo akasema “protokole yote ikiheshimiwa”, kama mtu anayefunga zizi baada ya mbuzi wote kupita. Kwenye matanga fulani alisalimu watu mpaka shemeji wa marehemu, ambaye alikuwa bado njiani, akafika, akapata kiti, akanywa maji, na bado akasalimiwa kwa zamu yake.

Mikro ilikuwa mali yake. Ilikuwa ya chuma, nzito, na kichwani imevishwa soksi ya mtoto ya rangi ya manjano ili, kwa maneno yake, isiambukizwe mafua ya watu. Kabla ya kuitumia aliipuliza, akaigonga kwa kidole, akaiuliza, “Alo, unanisikia?” kisha akaitegea sikio kama anayengoja kuitikiwa. Ukicheka alikufundisha.

“Mikro ni sawa na mukwe,” alisema. “Haumukaribie mbiombio, na haumwambie kila kitu.”

Kwa yale ambayo mkwe hapaswi kuyasikia alikuwa na dawa moja, nayo ni kiganja. Aliifunika ile soksi kwa mkono wa kushoto, akatangaza, “Nimefunga mikro,” na hapo hapo akawa mtu mwingine. Mbele ya mikro alikuwa Kifaransa na asali. Chini ya mkono aliwasema waliochelewa, akawasema waliowahi, akalalamikia viatu, akasema sombe ya mkewe, yaani kisamvu, siku hizi ina mchanga. Mkewe alikuwa anayajua hayo yote. “Ule wa mbele ya mikro ni wa batu bote,” aliniambia siku moja tukichota maji. “Mie niliolewa na ule wa chini ya mukono.”

Aliyeumizwa na tabia hii alikuwa binti yake wa pekee. Siku ya arusi ya binti huyo, baba alikataa kabisa protokole mwingine. Alisimama yeye mwenyewe, akawapanga wakwe waliovuka ziwa kutoka Kigoma, akawasifu wapishi, akawasifu mpaka waliobeba viti. Neno la baba kwa mwanawe halikutoka. Mtu alikuwa amempa maua ayashike kwa mkono wa kushoto, na bila mkono huo hakuwa na mahali pa kusemea. Binti akaenda Kigoma na mumewe, na tangu hapo simu zao zikawa za kuulizana kama ziwa limetulia au lina mawimbi. Nilimwona binti akipanda meli. Alikuwa amekasirika kuliko alivyokuwa amependeza, na alikuwa amependeza sana.

Sasa niseme habari ya kompyuta.

Mimi nina kibanda cha fotokopi karibu na soko, ndiyo maana ninaitwa Mama Fotokopi. Wakati wa vita nilikuwa na mashine moja na kompyuta moja ya kubeba, na kazi iliyonilisha ni kuwawekea watu nyimbo katika kadi za simu zao. Mapigano yalipowaka kule Nyunzu na Manono, watu wakaanza kuingia mjini kwa miguu, wakajenga vibanda vya maturubai pembeni. Sisemi nani alimpiga nani. Wapo wanaopenda kuyasimulia hayo, mimi yalinichosha zamani. Ninachosema ni kwamba waliofika walikuwa wamepotezana na wenzao njiani, na minara ya simu ya kule walikotoka ilikuwa imekufa. Mtu alikuwa hai hapa Kalemie, na ndugu zake Ankoro walikwisha kumlilia.

Wengine tuliwahurumia. Papa Protokole alikasirika. Alinijia kibandani na mikro kwapani, jasho likimtoka.

“Mama Fotokopi, hawa watu wameingia mu muji na hakuna hata mumoja aliyetangazwa!”

“Papa, wamekimbia vita. Nani angewatangaza?”

“Mie. Mutu akifika, anatangazwa, hiyo njo heshima. Hii ordinateri yako inaweza kushika sauti?”

“Kompyuta? Inaweza.”

“Basi ishike sauti kupitia mikro yangu. Mutu hawezi kusemea mu ordinateri tupu sawa mutu anaita kuku.”

Mpango ukawa hivi. Mtu anasema, mimi ninaiweka sauti yake katika kadi, mfanyabiashara wa treni anaipeleka Kabalo, na kutoka Kabalo wenye mitumbwi wanapanda nayo mto mpaka Ankoro. Kule mwenye simu anaichomeka, watu wanasikiliza. Kazi ngumu ilikuwa kuiunganisha mikro. Waya wake ulikuwa na ncha nene kama kidole gumba, na matundu ya kompyuta ni membamba. Tuliagiza Kigoma kichwa cha kuunganishia, kikachelewa, kikaja. Ndipo tukagundua kwamba kompyuta ina matundu mawili yanayofanana. Pembeni ya moja wamechora vile vyombo vya kuvaa masikioni. Pembeni ya jingine wamechora kitu kama mwiko.

Mimi nilitaka mwiko. Papa Protokole akanizuia mkono.

“Mama, sauti ya mutu inaingilia wapi? Mu kinywa ao mu sikio?”

“Mu sikio.”

“Basi hapa wamechora masikio. Sauti itaingilia hapa.”

“Na huu mwiko?”

“Ule ni wa mambo ya jikoni. Sisi hatupiki.”

Mikro ni yake, mkubwa ni yeye, na hoja yenyewe ilikuwa na masikio. Nikamwachia waya. Akachomeka, akapuliza, akagonga, akauliza, “Alo, unanisikia?” na pale kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti ukaruka. Tulipeana mikono kama watu waliofunga ndoa ya watoto wao. Nilipojaribu kuisikiliza rekodi ile, kompyuta ikakaa kimya, haikutoa hata mkwaruzo. Nikaogopa. Yeye hakuogopa.

“Njo vizuri,” akasema. “Barua haisomwe na mwenye kuibeba. Sauti imeingia hapa, itatokea kwa mwenyewe.”

Nilitaka kuijaribu kwenye simu yangu, akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wanaokula kabla ya maharusi kuketi. Nikaacha. Niliridhika kuona kwamba rekodi ipo na ni ndefu. Kila rekodi ilikuwa ndefu, maana kila moja ilianza na salamu kwa wakubwa wa Ankoro, wazee wa Kabalo, wenye mitumbwi, na mwenye simu.

Katika waliokuja yupo mmoja nisiyeweza kumsahau, mama mmoja kutoka Kiambi. Siku ya risasi alikuwa shambani. Yeye akakimbilia upande huu kwa njia za porini, na mama yake mzazi, aliyekuwa nyumbani na mjukuu, akamtia mtoto mtumbwini wakateremka mto Luvua mpaka Ankoro. Msafiri mmoja akamletea habari: kule wamemfanyia matanga, na bibi anafunga mizigo ampeleke mtoto kwa ndugu zake bibi, mbali, ambako mama wa Kiambi mwenyewe hakukujua hata kwa kusikia. Kama wataondoka kabla ya kujua kwamba yu hai, ataanza kuwatafuta wapi? Na kulikuwa na shida nyingine. “Mama yangu haamini mutu,” alisema. “Ukimwambia jua imetoka, anatoka nje kuangalia.” Miaka ile kulikuwa na watu waliotumia majina ya marehemu kudanganya wafiwa, kwa hiyo bibi alikuwa na haki.

Tulimkalisha mbele ya mikro. Papa Protokole akamaliza salamu zake, akamsogezea soksi. Mwanamke akakauka kama samaki wa juani.

“Bonjour,” akasema kwa sauti ya mtoto wa katekisimu. “Ni mie. Niko muzima. Asante.”

Papa Protokole akaweka kiganja. “Nimefunga mikro. Mama, hapa si mu tribinali, mbele ya hakimu! Ongea sawa mutu mwenye kuzaliwa! Mie mwenyewe nimesimama tangu asubui, hivi viatu vitaniua mbele ya vita kuniua, na wee unasema asante?”

Alipojua mikro imefungwa, mwanamke akapumua, akasema soksi ile inanuka, na kwamba hawezi kumwambia mama yake mambo ya moyoni mbele ya mwanaume mwenye tai. Wakati huo huo kuku wa jirani yangu, ambaye alikuwa na mazoea ya kuingia kibandani bila kutangazwa, akaruka juu ya meza na kukanyaga kompyuta. Mama wa Kiambi akasimama. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu mwembamba vile.

“Shaa-laa-laa! Toka! Toka hapa, wee kuku wa kichwa sawa nyundo! Nitakupika wee na mayai yako, mama na batoto mu sufuria moja!”

Kuku akatoka. Papa Protokole akaondoa mkono, akarekebisha tai, na mwanamke akarudia kwa adabu kwamba yu mzima, asante. Tukaipeleka kadi hivyo hivyo. Alipoondoka nilimwona Papa Protokole akitikisa kichwa. “Mama yake hatamwamini,” akasema. “Hata mie simuamini, na nilimuona kwa macho.”

Basi tukangoja, na katika kungoja kukatokea maajabu. Watu walioshuka kwenye treni ya Kabalo, watu asiowajua, wakawa wanamsimamisha Papa Protokole njiani. “Papa, pole. Viatu vingali vinabana?” Mama mmoja muuza samaki, ambaye kwao ni Ankoro, akamfuata mkewe sokoni akamfundisha kwa upole namna ya kuosha sombe. Nyumba haikukalika. Papa Protokole akaja kwangu akafunga mlango.

“Kuna mupelelezi.”

“Wa nani?”

“Sijue. Lakini anajua mambo ya miguu yangu.”

Vita ni vita, kila mtu alikuwa anamshuku mtu. Akanishuku mimi kwanza, akaniomba radhi, akamshuku mwenye kuku. Akachungulia chini ya meza. Akaanza kuifunga mikro kwa mikono miwili, na mwisho, mtu huyu ambaye hakuwahi kukaa akiwa kazini, nilimwona ameikalia.

Halafu kadi ikarudi kutoka Ankoro. Tukamwita mama wa Kiambi, akaja mbio. Ili sauti itoke nikachomoa waya wa mikro kutoka kwenye masikio, nikabonyeza. Kumbe kompyuta haikuwa bubu, ni ule waya uliokuwa umeiziba kinywa. Akasema bibi mmoja, polepole, kama anayegombana na simu.

“Mie njo mama yake. Kwanza nilisikia mwanaume anasalimia batu. Nilienda kupika bugali, nikarudi, angali anasalimia. Kisha mwanamuke mumoja akasema niko muzima, asante. Nikasema, huyu hapana mutoto wangu. Mutoto wangu hajasema asante tangu azaliwe. Nikasimama, nikasema tubebe mizigo. Njo nikasikia ile kuku. Nikakaa chini. Hakuna mutu mwingine mu dunia anatukana kuku vile, ni mie nilimufundisha. Mutoto wako iko hapa, anakula. Hatuendi. Tunakungoya. Na ule papa, mumwambie avue viatu.”

Mama wa Kiambi alikaa sakafuni akalia na kucheka kwa pamoja, kamasi na machozi, hakujali. “Njo mama,” akasema. “Hata salamu hakunipa.” Mimi pia nililia, sioni haya. Papa Protokole peke yake alibaki wima, uso umemwiva.

“Alisikia kuku namna gani? Mikro ilikuwa imefungwa!”

Nikafungua rekodi zetu. Yote yalikuwemo. Viatu vilikuwemo, sombe ilikuwemo, waliochelewa na waliowahi walikuwemo, na “nimefunga mikro” ilisikika vizuri kuliko kitu kingine chochote. Ile mikro nzito na soksi yake haikuwahi kushika hata neno moja. Tundu la masikio ni la kutolea sauti, si la kuingizia. Kompyuta ilikuwa inasikia yenyewe, kwa kitundu kidogo kama cha sindano juu ya kioo, na kitundu kile hakikuwa na habari ya kiganja cha mtu.

Kesho yake alinifanya nichomeke kwenye mwiko. Sauti zikatoka safi, za heshima, bila kuku wala miguu. Tukapeleka kadi kwa fahari. Majibu yakaja mabaya. Kabalo wakauliza kama yule papa amekufa. Ankoro wakasema sauti ni nzuri lakini haziaminiki; watu wote wanasema niko mzima, asante, utajuaje? Papa Protokole akayasikiliza majibu hayo akiwa ameshika soksi mkononi.

“Rudisha mu masikio,” akasema.

Tangu siku ile alifanya kazi kwa namna ambayo sijaiona kwa protokole mwingine yeyote. Alisalimu wakubwa wote bila kuruka hata mmoja, akamwachia mtu aseme bonjour yake mbele ya mikro. Kisha akaifunika kwa mkono wa kushoto, akamgeuza mtu yule taratibu mpaka akaelekea kitundu kidogo, na kusema, “Nimefunga mikro. Sasa ongea.” Nao walisema. Walisema kwa majina ya utani, kwa matusi ya nyumbani, kwa nyimbo za kubembeleza watoto. Yeye alitazama ukutani. Njia ilipofunguka mama wa Kiambi alipanda treni akawakuta mwanaye na mama yake Ankoro, wanamngoja. Alisafiri na yule kuku, zawadi ya jirani yangu, ambaye alisema hawezi kumchinja ndege aliyekomboa familia.

Miaka imepita. Nina kompyuta nyingine sasa, na simu za Kigoma zinakwenda vizuri tu. Kwa hiyo nilishangaa alipokuja juzi juzi na fimbo, amekonda, koti lile lile, viatu vile vile, akasema anataka kurekodi ujumbe kwa binti yake.

“Papa, si umpigie simu?”

“Simu inataka majibu. Mie ninataka kusema tu.” Akaitoa mikro mfukoni. Soksi ilikuwa imefifia mpaka karibu nyeupe. “Chomeka mu masikio.”

“Hii kompyuta haihitaji. Na pale mikro haitasikia kitu.”

“Ninajua. Chomeka.”

Nikachomeka. Akasimama, akapuliza, akagonga, akauliza kama inamsikia. Akamsalimu mkwewe wa kiume, akawasalimu wazazi wa mkwe, wazee wa mtaa wao kule Kigoma na majirani wa kulia na wa kushoto, akasema protokole yote ikiheshimiwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuweka maji ya chai jikoni, nikijua tabia yake. Niliporudi nikamkuta amekaa. Ameinama, anahangaika na kamba. Akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akavisukuma chini ya meza. Kisha akaweka kiganja juu ya soksi na kusogeza uso karibu na kioo.

“Nimefunga mikro,” akasema. “Mwanangu. Siku ya arusi yako nilipanga kila mutu mahali pake, nikakosa kujipanga mie pembeni yako. Ulikuwa muzuri sana. Nilikuona. Kuja unione. Nimevua viatu.”

Akaondoa mkono, akaipuliza mikro, akasema, “Asante kwa usikivu wenu,” na akabaki amekaa pale, vidole vya miguu vikichezacheza juu ya saruji ya baridi.